Mtu Ambaye Sikumwambia Apumue

Sitaapa. Huku kwetu Likasi anayeapa sana ni yule anayekuuzia simu iliyokufa. Nitakueleza tu jinsi ilivyokuwa, na ukitaka kucheka, cheka sasa hivi, umalize, maana mbele huko sitakupa nafasi.

Mimi ni daktari wa picha. Wengine wanaziita eksirei, huku kwetu tunaziita radio. Kazi yangu ni kukaa katika chumba chenye ubaridi, kutundika filamu juu ya ubao wa taa, na kuandika mistari michache juu ya kifua cha mtu ambaye mara nyingi sijamwona hata uso. Kwa ajili ya mistari hiyo nimesoma mpaka nywele zikanikimbia. Mke wangu hupenda kuwaambia wageni, "Huyu alisoma sana, kusudi atazame watu gizani." Wageni hucheka. Na mimi hucheka, kwa sababu ni kweli.

Kwa hiyo usidhani unazungumza na mtu wa hadithi za kando ya moto. Wagonjwa wameniletea kila kitu: mamba wa ziwa Tshangalele anayevaa suruali na kuja sokoni kununua chumvi, nyoka mwenye mlima anayedai mtu kabla hajawaachia wachimbaji shaba yake. Nimewasikiliza wote kwa adabu, kisha nikawaambia wavue shati. Niliamini vitu viwili tu: kitu ambacho mionzi inapita, na kitu ambacho mionzi haipiti. Hapo kati sikuona nafasi ya mtu mwingine kusimama.

Hospitali yetu iko Panda, mtaa uliojengwa kuizunguka mitambo ya zamani ya shaba. Jina lake silitaji. Si kwa heshima, ni kwa woga. Waliopo bado wana kalamu na bado wana mhuri.

Mkurugenzi wetu nitamwita Daktari Mwamba. Ni mzee wa kanisa, ana sauti ya mahubiri hata anapoagiza chai, na akikuita "mon frère", ndugu yangu, ujue kuna kitu chako anakwenda kuchukua. Mwaka huo alitaka kuchukua mkono wangu wa kulia. Kulikuwa na kampuni moja ya kandarasi, wanasaga mawe kwa ajili ya migodi. Kila mwaka huleta wafanyakazi wao tuwapige picha za kifua, na mimi ndiye ninayeandika neno la mwisho: apte, yaani anafaa kazi, au inapte, hafai. Safari hii niliona vumbi katika vifua vya baadhi yao. Vumbi la jiwe likiingia halitoki. Kwenye filamu linaonekana kama mtu amepiga chafya ya unga juu ya kioo cheusi. Mtu wa namna hiyo ukimrudisha kwenye mashine ya kusaga, unamzika akiwa bado anakuamkia asubuhi.

Niliandika inapte. Mkurugenzi akanirudishia picha, nisome tena. Nikasoma tena, nikaandika vilevile. Akanirudishia tena.

Nisijifanye shujaa hapa. Nilikuwa na sababu zangu za kutetemeka. Mashine mpya ya kompyuta ilikuwa njiani kuja, na ikija ingehitaji mkuu wa kitengo. Kiti hicho nilikuwa nimekingoja kwa muda mrefu, nikiilea mashine yetu ya zamani kama mtu anavyomuuguza mama mkwe, bila mapenzi na bila kuchoka. Sasa kulikuwa na minong'ono ya kijana mmoja Lubumbashi, daktari wa picha kama mimi, ambaye hasafiri popote. Unaipiga filamu picha kwa simu ikiwa imebandikwa dirishani, unamtumia, anajibu. Tulimwita Daktari wa Simu. Kama ningeendelea na ukaidi, kiti kingekuwa chake, na mimi ningepelekwa kituo cha afya pembeni mwa ziwa, mahali ambapo hakuna mashine ya aina yoyote. Mtaalamu wa picha pasipo na picha! Ni kama kumpeleka kinyozi katika kijiji cha vipara.

Mtu wa mwisho wa kukujulisha ni Mama Véro. Yeye ndiye fundi wa mashine, ndiye anayepiga picha. Mimi nazisoma tu. Hanipendi. Ni shemeji wa mkurugenzi, na huniangalia kama mtu anavyoangalia kiti kilichowekwa njiani. Lakini kazi anaijua. Kwa miaka yote nimemsikia kupitia ukutani akiwaamuru watu kwa sauti ya muuza samaki: "Vuta pumuzi! Kamata! ... Pumua!" Mgonjwa anavuta, anakamata, mashine inaguna, anapumua, mwingine. Nilikuwa nasikia maneno hayo kama mtu anayeishi karibu na reli anavyosikia treni. Yaani nilikuwa siyasikii tena.

Siku hiyo alikuwa anakwenda kilio Kapolowe, cha jamaa yake mmoja ambaye, kwa hesabu yangu, alikuwa na tabia ya kufa kila msimu wa mvua. Kabla ya kuondoka akaingiza kichwa mlangoni kwangu.

"Docteur, ba kampuni nimemaliza bote. Hakuna tena muntu."

"Na ikija dharura?"

"Njo utafanya weye mwenyewe. Ao haukusoma?"

Akaenda zake. Mvua ikaja baada yake, ile mvua ya kwetu inayopiga bati mpaka hujisikii mwenyewe unavyofikiri. Ilikuwa mchana, nisikilize vizuri, mchana. Watu husema mambo ya namna hii hutokea usiku wa manane njia panda. Langu lilitokea saa ambayo watoto wa shule wanarudi nyumbani.

Nilipoinua kichwa kutoka kwenye zile filamu za vumbi, mtu alikuwa amesimama mlangoni.

Mrefu. Amevaa ovaroli ya kazi ya rangi ya machungwa, kofia ngumu ameishika mkononi. Kijivu kimeifunika ovaroli kutoka mabegani mpaka magotini, vumbi laini la kinu, lile linaloingia hata kwenye kope za macho. Sasa niambie wewe: nje mvua inamwagika kama mto umepasuka, na mtu anaingia kutoka nje akiwa na vumbi kavu mabegani. Ungejiuliza? Mimi sikujiuliza. Nilijiambia labda ameletwa na gari mpaka kizingitini. Akili iliyosoma ina kazi hiyo moja, kuvitafutia vitu gari.

"Minye njo wa mwisho, docteur," akasema.

Sauti yake ilikuwa ndogo, ya kubana. Nilimuuliza kama ni wa kampuni ya kusaga mawe. Akatikisa kichwa kukubali. Nikafurahi, nakiri. Kumbe Mama Véro anayejua kila kitu amemsahau mtu! Ningempiga picha mimi mwenyewe, nimngojee arudi kutoka kilioni, nimwonyeshe. Ndivyo tulivyokuwa tukiishi katika kitengo kile.

Nikavaa aproni nzito ya risasi, ile ya kuzuia mionzi. Nikamwambia avue nguo ya juu, asimame, kifua kwenye ubao, kidevu juu, mikono kiunoni, mabega mbele. Nilipomsukuma mabega ili yakae vizuri, vidole vyangu viliruka. Ubaridi wake haukuwa wa mtu aliyelowa. Ulikuwa ubaridi wa ukuta wa jikoni asubuhi, kabla moto haujawashwa. "Rainy season," angesema mwalimu wangu wa zamani wa Kiingereza kwa kila jambo asilolielewa. Nami nilijiambia hivyohivyo kwa lugha yangu: ni mvua.

Nikarudi nyuma ya kinga.

"Vuta pumuzi, baba. Mingi. Ongeza. Kamata."

Akavuta. Niliuona mgongo wake ukifunguka, mbavu zikitengana moja moja, na bado akavuta. Nikabonyeza. Mashine ikaguna. Na palepale mlango wa korido ukagongwa kwa ngumi.

"Docteur! Uko wapi? Iko muntu wa kampuni ku biro yangu, anangojea!"

Mkurugenzi. Nikatoka haraka, nikaufunga mlango nyuma yangu. Alikuwa amesimama na mwavuli unaochuruza maji juu ya viatu vyangu.

"Niko na mgonjwa, chef."

"Weye? Unafanya photo?" Akacheka, akanitazama ile aproni. "Iko nakufaa. Unafanana muuza nyama. Zile photo za vumbi, ulisoma tena?"

"Nimesoma."

"Na?"

"Vumbi bado limo."

"Mon frère." Akaweka mkono begani kwangu. "Vumbi iko kila fasi. Likasi yote iko vumbi. Hata ku kanisa yangu iko vumbi. Sasa tufunge kanisa?"

"Kanisa halipumui, chef."

Hapo tabasamu likaondoka. Ndipo kwa mara ya kwanza akaongea kwa sauti yake ya kweli, ndogo, isiyo na Mungu ndani yake.

"Sikia. Yule kijana wa Lubumbashi, unamutumia photo, anakula mukate, anajibu. Hakuna kelele. Weye unasoma photo moja kama muntu anasoma testamenti ya baba yake. Kesho asubuhi nataka signature yako: apte, bote. Ao sivyo utaenda kule ku Tshangalele, upige samaki photo. Umesikia?"

Tulibishana. Sitakuchosha na yote. Alisema umri wangu, nikasema shahada yangu, akasema watu wengi wenye shahada wanauza mkaa. Mvua ilikuwa kubwa, tukawa tunapiga kelele usoni kama watu wanaopendana. Ilichukua muda. Hilo ulikumbuke: ilichukua muda mrefu, mpaka mwavuli wake ukaacha kuchuruza. Mwishoni nilichoka. Nilikiona kile kiti, nikaiona na ile njia ya matope ya kwenda ziwani.

"Kesho asubuhi, chef," nikasema.

"Utasaini?"

"Nitasaini."

"Mungu akubariki, mon frère." Akaenda akiimba kidogo.

Nikarudi ndani nikiwa na hasira ya mtu aliyejiuza kwa bei ndogo. Yule mtu alikuwa bado kwenye ubao. Vilevile nilivyomwacha: kidevu juu, mikono kiunoni, mbavu zimefunguka. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angekiona kile ambacho mimi sikukiona. Nikamwambia, bila hata kumtazama vizuri, "Imeisha, baba. Vaa nguo. Jibu ni kesho."

Aligeuka polepole. Akanitazama. Alifungua mdomo kidogo, akaufunga tena, kama mtu anayengoja kitu kutoka kwa mwenzake aliyekula naye sahani moja. Kifua chake kilikuwa bado juu. Nilichukua kaseti yenye filamu, nikaenda zangu chumba cha giza.

Kwa wewe uliyezoea mashine za kompyuta: sisi bado tulikuwa tunaosha filamu kwa dawa, kwenye mabeseni, katika chumba kisicho na dirisha kinachotosha mtu na nusu. Unafunga komeo kwa ndani, kwa sababu mlango ukifunguliwa filamu inaungua. Hakuna mwanga ila taa nyekundu iliyofifia. Ndiyo maana nasema usiku nilikuwa nao, wangu mwenyewe, hata saa ya mchana.

Nikafunga komeo. Nikaitia filamu kwenye dawa. Picha ikaanza kuja, kama inavyokuja siku zote, mbavu kwanza.

Niamini, sijawahi kuona picha nzuri kama ile. Kila kifua cha mtu aliye hai hutikisika kidogo. Hata akikamata pumzi kama mwizi chini ya kitanda, moyo hukataa kukaa kimya, na ukingo wake kwenye filamu huwa na ukungu kidogo. Moyo ule ukingo wake ulikuwa mkali kama umekatwa kwa wembe. Haukuwa umetikisika hata kidogo. Na mapafu, pande zote mbili, yalikuwa meupe. Hayakuwa nukta nukta kama ya wale wenzake. Yalikuwa meupe kabisa, kutoka juu mpaka chini, kama mifuko miwili iliyojazwa saruji na kuachwa ikauke.

Nilisimama nikiitazama filamu inavyodondosha dawa. Daktari ndani yangu alisema: mtu mwenye mapafu haya hawezi kutembea. Hawezi kuvuta pumzi. Halafu nikakumbuka jinsi alivyovuta.

"Docteur."

Nyuma yangu. Ndani ya chumba. Komeo lilikuwa limefungwa, nililiona kwa macho yangu katika ule mwanga mwekundu, limelala mahali pake.

"Docteur. Hauyaniambia."

Nataka uielewe sauti ile, kwa sababu ndiyo inayonirudia. Sisi tunapoongea tunasukuma hewa nje. Jaribu, uweke kiganja mbele ya mdomo, utaisikia. Yeye maneno yake yalikuwa yanaingia ndani. Kila neno alilisema kwa kuvuta. Na kila alipovuta, koti langu jeupe lilijongea kumfuata.

"Sijakwambia nini?"

"Uliniambia nikamate. Niko nakamata."

Nikageuka. Katika mwanga ule vumbi lake lilikuwa jekundu, na macho pia. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira, mtu mwenye hasira unaweza kumwomba radhi. Alikuwa na subira, subira ya jiwe, na kifua chake kilikuwa kimepanda mpaka chini ya kidevu.

"Ba docteur bengine pia," akasema, akivuta. "Mumoja aliniambia kamata, akaenda kuongea na chef yake. Akasaini. Nikarudia kazi. Mwingine vilevile. Kila docteur mupya, njo nakuya. Nangojea mumoja aseme. Na weye pia, kesho utasaini."

Alisema hivyo bila kuuliza. Na pale ndipo nilipojua ni neno gani alilokuwa anangoja, neno dogo ambalo Mama Véro hulipiga kama mtu anayepiga sahani, neno ambalo mimi, na shahada zangu, sikuwahi kumwambia mgonjwa hata mmoja, kwa sababu daktari wa picha hasemi neno hilo. Anayesema ni fundi. Sisi tunapokea tu watu waliokwisha kukamata.

Nikafungua mdomo niliseme. Hakukuwa na hewa. Sikutanii: hewa yote ya chumba kile alikuwa ameikamata yeye. Ili kumwambia mtu apumue, lazima wewe uwe na pumzi, na yangu ilikuwa inatoka kifuani inakwenda kwake kama moshi unavyofuata dirisha. Masikio yakaanza kuvuma. Nilimwona akisogea, uso wake karibu na wangu, akingoja, na nadhani angengoja mpaka nife, kisha akamngoja atakayekuja baada yangu. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nilikuwa kwake daktari mmoja zaidi.

Chini kabisa ya kifua kulikuwa kumebaki kiasi cha kuzima mshumaa. Nikakitoa.

"Pumua."

Hata sikujisikia. Yeye alisikia.

Akapumua. Akapumua usoni kwangu.

Usifikirie upepo. Lilikuwa vumbi, baridi, zito, lenye ladha ya betri iliyoguswa na ulimi. Likatoka na kutoka. Taa nyekundu ikafifia ndani yake ikawa kama jicho la mtu mwenye usingizi. Nilikuwa na njaa ya hewa, nilikuwa nimefungua mdomo wote, na kitu pekee kilichokuwepo cha kuvuta kilikuwa kile. Nikavuta. Ungefanya nini wewe? Nikavuta kama mtoto anayenyonya.

Lilipokwisha, nilisikia pumzi yake ya mwisho ikitoka, fupi, kama mtu anayetua mzigo. Halafu mvua tu juu ya bati.

Nililifungua komeo kwa mikono yangu miwili, kwa ndani, lilikuwa halijaguswa. Nje bado ilikuwa mchana, na watoto wa shule walikuwa wanakimbia barabarani madaftari vichwani, wakipiga kelele za furaha. Koti langu lilikuwa la kijivu. Nilirudi kuitazama filamu. Moyo ulikuwa palepale, ukingo mkali uleule. Lakini mapafu yalikuwa meusi, safi, matupu, mapafu ya mtoto ambaye hajawahi kuona hata jiko la mkaa. Ningeulizwa, ningeandika: apte.

Kesho yake sikusaini. Tafadhali usinisifu, haikuwa haki wala ujasiri. Kila nilipoweka kalamu kuandika apte, pumzi ilikwama hapa kifuani, na haikushuka mpaka nilipoinua mkono. Niliandika inapte kwa sababu ndilo neno pekee lililoniruhusu kupumua. Mkurugenzi alizisoma karatasi, akazipanga vizuri, akasema tu, "Basi, mon frère," kwa upole, na nikajua nimekwisha.

Mama Véro aliporudi nilimuuliza kama hakumsahau mtu mmoja wa kampuni.

"Minye? Nisahau muntu? Bote nilifanya, docteur. Weye njo ulifanya photo ya nani?"

"Alikuja mmoja. Alisema ndiye wa mwisho."

"Na ulimuambia avute?"

"Nilimwambia."

"Akamate?"

"Nilimwambia."

"Na apumue?"

Nikainamia filamu zangu. Alicheka, akapiga mapaja, akasema hata mtoto wa stage, anayejifunza kazi tu, hawezi kusahau, kweli vitabu vinakausha kichwa. Kisha akaliona koti langu limening'inia nyuma ya mlango. Akafanya ishara ya msalaba, akatoka, na tangu siku ile alikuwa akinipa faili kwa kuliweka chini na kulisukuma kwa kidole.

Kikohozi kilianza wiki hiyohiyo. Nikamwomba anipige picha, akanipiga akiwa amegeuza uso. Neno lake la mwisho alilisema haraka sana, karibu kabla ya lile la kwanza. Nilitundika filamu yangu kwenye ubao wa taa. Unga juu ya kioo cheusi. Pande zote mbili, juu mpaka chini. Mimi, ambaye sijawahi kukanyaga kinu, ambaye nikipita sokoni najifunika pua na leso mpaka wauza dagaa wananizomea!

Na hapa, kwa aibu, nikafurahi kidogo. Nilidhani nimepata pa kujishika. Mtu mgonjwa namna hii hapelekwi ziwani, anabaki karibu na hospitali, pengine hata na kiti chake. Nikampelekea mkurugenzi. Akaitazama, akasema kwa haki kabisa kwamba daktari hasomi picha yake mwenyewe, akaibandika dirishani, akaipiga picha kwa simu, akaituma Lubumbashi.

Jibu lilikuja kabla sijamaliza kufunga vifungo vya shati. Mkurugenzi alinigeuzia simu nilione mwenyewe.

Apte.

Wale wafanyakazi nao walisomwa upya kwa njia hiyohiyo, siku hiyohiyo. Wote wanafaa. Nilipokuwa nangoja gari la kunipeleka ziwani niliwaona wakipita juu ya lori, kofia ngumu vichwani, na mmoja aliyenifahamu akanipungia mkono akikohoa. Kwa hiyo ukiniuliza ukaidi wangu ulimwokoa nani, nitakujibu: hakuna. Yule mmoja tu, labda, na yeye hakuwa kwenye hesabu.

Sasa niko huku Tshangalele. Sina mashine. Nawasikiliza wake za wavuvi migongo kwa kifaa cha masikio, nawaambia "vuta pumuzi, pumua" kwa mkupuo mmoja, wananiuliza, "Docteur, haraka ya nini?" Nyumbani ndiyo shida. Naweza kuwa nakula, tonge la bukari mkononi, nikasimama hivyo, pumzi nimeikamata. Kifua juu. Sijui kama nimesimama. Mke wangu ndiye anayeona, ananipiga mgongoni kama anamfukuza mbuzi kwenye unga: "Baba Esta! Pumua!" Ndipo narudi. Akienda sokoni huniachia jirani. Tuliwahi kumwita mchungaji, mtu mwema. Akatuambia tufunge macho, tuvute pumzi, tuikamate mbele za Bwana. Nilitoka kwa dirisha.

Basi nenda, na usinisikitikie, sikukusimulia ili unisikitikie. Ila siku utakaposimamishwa kifua wazi mbele ya ubao wa baridi, na mtu mwenye haraka akakuambia ukamate, usitoke hapo mpaka aseme lile neno la pili. Akilisahau, mkumbushe. Akiwa ametoka kuongea na mkubwa wake, usimngoje kabisa, pumua bila ruhusa, ukimbie. Na wewe kijana wa simu, najua huna chumba cha giza, huna komeo, huna hata mgonjwa. Mtu wa namna ile atapata pa kusimama. Atakuja mvua ikinyesha, na nguo zake zitakuwa kavu.

Wewe nawe, pumzi yako ulikuwa umeikamata tangu lini? Pumua. Nimeshakuambia; usije kunidai.